Ndevu za Mahindi na Figo za Baba Mdogo

Hapa Bweyale, wilayani Kiryandongo, hakuna kinachotupwa kwa wingi kuliko mabaki ya mahindi. Mji wetu uko kando ya barabara kuu itokayo Kampala kwenda Gulu, na ardhi yake imewavuta watu wa kila namna: Wanyoro ambao ndio wenyeji, Waluhya na Wajaluo ambao wazee wao walihamia upande wa Kigumba tangu enzi za wakoloni, Waacholi, Wakenya waliokimbia ghasia za mwaka 2008, wakimbizi wa Sudan Kusini na, tangu vita vya 2023, Wasudani wenyewe. Sokoni tunaelewana kwa Kiswahili. Familia yetu hununua mahindi mashambani, huyapukuchua na kuyauza, na kila msimu uani kwetu hurundikana magunzi, maganda na zile nyuzi laini za kwenye ncha ya hindi ambazo tunaziita ndevu. Magunzi huwashwa jikoni na maganda hupewa mifugo. Ndevu, kwa miaka mingi, zilikuwa na wateja wake: watu waliokuja wameshika kiuno, wakisema figo zinawasumbua.

Mama ndiye aliyewahudumia. Hakuwa mganga wala hakujiita hivyo, ila alijua alichofundishwa na mama yake: ndevu za mahindi mabichi zianikwe kivulini hadi zikauke, zichemshwe, maji yachujwe, mgonjwa anywe asubuhi na jioni. Wakati mwingine aliongeza maganda ya ndizi yaliyooshwa vizuri, kwa kuwa aliamini kwamba kilichofunika chakula kina nguvu kama chakula chenyewe. Bei ilikuwa ndogo mno, na mara nyingi hakutoza chochote, maana kutoza pesa kwa takataka kulimtia aibu. Ningependa msomaji asimcheke. Maji ya ndevu za mahindi yamenywewa kwa ajili ya matatizo ya mkojo huko China, Uturuki na Amerika, ambako mahindi yenyewe yalianzia, na mpaka leo hukaushwa na kuuzwa kwa pakiti katika nchi zenye hospitali bora kuliko zetu.

Sifa za dawa hiyo zilipanda kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa dada. Yeye ni dereva wa lori, na madereva wa mwendo mrefu hunywa maji kidogo ili wasisimame njiani kila mara. Usiku mmoja maumivu yalimshika ubavuni, yakashuka hadi kinenani, akatapika, na mkojo wake ukawa na damu. Hospitalini alipigwa skani, likaonekana jiwe dogo limekwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Daktari alimpa dawa ya maumivu, akamwambia anywe maji mengi na arudi iwapo atapata homa au mkojo utakataa kutoka. Aliporudi nyumbani Mama alimkabidhi jagi la maji ya ndevu na kumsimamia kama mtoto mpaka alimalize, kisha akalijaza tena. Baada ya siku kadhaa jiwe lilitoka. Shemeji alilionyesha kwa kila aliyeingia nyumbani, na kila aliyeliona aliondoka akilisifu jagi.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mawe mengi yasiyozidi milimita 5 hutoka yenyewe, na kwamba ushauri mkuu kwa mtu aliyewahi kupata jiwe ni kunywa maji ya kutosha kumwezesha kukojoa takribani lita mbili na nusu kwa siku. Jagi la Mama lilikuwa karibu lita mbili, na alilijaza zaidi ya mara moja. Sina shaka kwamba lilimsaidia. Kilichomsaidia, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanamume ambaye hakuna daktari wala mke aliyewahi kumlazimisha kunywa maji alikubali kuyanywa kwa sababu yalikuwa na rangi ya dawa na yalitoka mkononi mwa mama mkwe.

Laiti habari ingeishia kwa shemeji, nisingekuwa na la kuandika. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa na presha kwa miaka mingi. Alimeza vidonge alipojisikia vibaya na kuviacha alipojisikia vizuri, na hivyo ndivyo wanavyofanya wengi ninaowajua, kwa kuwa presha haiumi. Mgongo wake ulikuwa ukimsumbua kwa kazi ya jembe, na kwa ajili ya mgongo huo alinunua diklofenaki kwenye duka la dawa kama mtu anayenunua sukari. Miguu ilipoanza kuvimba na uso ukawa umetuna kila asubuhi, watu walimwambia ni figo. Hapo walikuwa sahihi. Kisha wakamwambia aje kwa Mama.

Alikunywa maji ya ndevu pamoja na maganda ya ndizi. Kwa vile aliambiwa aache chumvi ya dukani, alirudi kwenye chumvi ya wazee wetu, ile ambayo Waluhya huiita musherekha: maganda ya maharage au ya ndizi hukaushwa na kuchomwa, majivu huwekwa kwenye chombo chenye matundu, maji humiminwa juu yake, na yale maji ya rangi ya kahawia yanayodondoka chini hutumika kupikia mrenda na majani ya kunde. Alikula matoke na maharage, akaacha nyama. Kila kitu alichoingiza mwilini kilitoka shambani, na kwa macho ya jirani yeyote huyo alikuwa mgonjwa anayejitunza.

Uvimbe haukupungua. Alianza kuchoka kiasi cha kushindwa kuinuka kitini, misuli ya miguu ikalegea, moyo ukawa unaruka mapigo. Hospitali ya karibu ilimpima damu na kuamua apelekwe Kampala mara moja, safari ya zaidi ya kilomita 200, na binamu yangu na mimi tulimsindikiza hadi Kiruddu, hospitali ya rufaa ambako wagonjwa wa figo hutibiwa. Daktari alitazama mchoro wa mapigo ya moyo kabla hata hajatusalimu vizuri. Potasiamu, yaani madini yaliyomo kwenye damu, ya mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 3.5 na 5 katika kipimo wanachotumia. Ya baba mdogo ilikuwa imepita 7. Alichomwa sindano ya kalsiamu ili kuukinga moyo, akawekewa insulini pamoja na glukosi ili potasiamu iondoke kwenye damu na kuingia ndani ya seli kwa muda, kisha akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

Hali ilipotulia daktari alituuliza mzee amekuwa akila na kunywa nini. Binamu alitaja vyote, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mtu anayejivunia utunzaji aliompa baba yake. Daktari hakukaripia. Alichukua karatasi akatueleza jambo ambalo hakuna mtu Bweyale aliyewahi kutueleza.

Figo zikiwa nzima huchuja takribani lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikirudisha mwilini karibu zote na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Pamoja na uchafu wa urea, sehemu kubwa sana ya potasiamu tunayokula hutoka kwa njia hiyo. Mimea ina potasiamu nyingi kwa asili yake: ndizi, maharage, viazi, mboga za majani. Maganda nayo yanayo, na ndevu za mahindi pia. Mtu mwenye figo nzima akila hivyo vyote anafaidika, na presha yake inaweza hata kushuka, kwa maana potasiamu husaidia mwili kuitoa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya dukani. Mtu ambaye figo zake zimebaki na uwezo mdogo hana pa kuipeleka. Majivu ndiyo yaliyonishtua zaidi, kwa sababu unapochoma maganda, vinavyowaka vinaondoka na potasiamu inabaki; maji yanayopitishwa juu ya majivu huiyeyusha na kushuka nayo. Ile chumvi ya wazee, kwa hiyo, ni potasiamu iliyokusanywa, na mzee wetu alikuwa akiiweka kwenye mboga kila siku akiamini ameepuka chumvi.

Daktari hakusema kwamba ndevu za mahindi ndizo zilizoua figo, na sitamsingizia. Figo ziliharibiwa na presha isiyotibiwa kwa miaka, na zile diklofenaki bila shaka zilichangia, kwa kuwa dawa za maumivu za kundi hilo, ibuprofeni ikiwamo, hupunguza damu inayofika kwenye figo na huweza kuzimaliza figo ambazo tayari zimechoka. Ninalisisitiza hili kwa sababu mjini kwetu kuna tabia ya kugawana lawama kwa upande mmoja: wauguzi huwalaumu waganga, na waganga husema vidonge ni sumu. Kwa baba mdogo, duka la dawa na uani kwetu walikutana kwenye mwili mmoja, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake yupo.

Jambo jingine nililolipata wodini ni kwamba maumivu ya mgongo na ugonjwa wa figo ni watu wawili wasiojuana sana. Wengi waliokuja kwa Mama wameshika kiuno walikuwa wamechoshwa na jembe na magunia. Mawe huuma, na maambukizi yaliyopanda hadi kwenye figo huuma na kuleta homa, lakini figo zinazokufa polepole kwa presha au kisukari hazitoi sauti yoyote mpaka zimebaki robo au chini yake. Ndiyo maana wagonjwa wa mgongo walipona kwa maji ya ndevu, kwa kuwa mgongo wa mkulima hupona wenyewe palizi ikiisha, na wagonjwa wa kweli wa figo hawakuja kabisa au walikuja wamechelewa. Dawa ilijengewa sifa na watu ambao hawakuwa na ugonjwa unaotajwa.

Nikiwa Kampala nilipata muda wa kuuliza na kusoma. Uganda ina taasisi ya serikali huko Wandegeya, chini ya Wizara ya Afya, ambayo tangu miaka ya 1960 imekuwa ikichunguza dawa za mimea, na ina sheria ya mwaka 2019 inayohusu tiba asilia na tiba mbadala. Hakuna anayesema mitishamba ni upuuzi. Kuhusu ndevu za mahindi, majaribio kwa panya yameonyesha kwamba zinaweza kuongeza mkojo, ilhali majaribio machache yaliyofanywa kwa binadamu hayajatoa jibu moja. Hilo halinitoshi kumwambia mtu mwenye figo mbovu anywe. Kuongeza mkojo na kuponya figo ni mambo mawili, na hata vidonge vya hospitali vya kuongeza mkojo havirudishi uhai wa figo iliyokufa.

Nilisoma pia habari za mabonde ya Balkani, ambako kwa miongo mingi familia za wakulima zilikufa kwa ugonjwa wa figo usioeleweka. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye gugu la jamii ya Aristolochia, lililoota katikati ya ngano, mbegu zake zikavunwa na kusagwa pamoja na unga. Mnamo miaka ya 1990 huko Ubelgiji wanawake waliokunywa dawa ya mimea ya kupunguza mwili, iliyochanganyika na mmea wa jamii hiyohiyo, walipoteza figo zao katika muda mfupi sana. Mmea kuwa umetoka shambani hakuhakikishi chochote.

Kisha kuna suala ambalo sisi wafanyabiashara wa mahindi tunalifahamu kuliko madaktari. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia Uganda, mahindi hupuliziwa dawa tena na tena, na baadhi ya wakulima huendelea kupulizia hata hindi likiwa limeshatoa ndevu, kwa sababu kiwavi huingilia hapohapo. Ndevu ndizo za kwanza kupokea dawa hiyo, na hakuna anayezimenya kama tunavyolimenya hindi lenyewe. Ukungu nao huingia kwa mlango huo: aina ya Fusarium na ile ya Aspergillus hupenya kwenye hindi kupitia ndevu, na sumu ya fumonisini inayotokana na Fusarium imeonekana kudhuru figo za panya. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu za ukungu, malori yalisimama mpakani na sisi tulibaki na magunia. Tulilalamika sana kuhusu bei. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza kuhusu ndevu tulizokuwa tukizianika kutoka kwenye mahindi hayohayo na kuwachemshia wagonjwa.

Tuliporudi Bweyale ilinibidi niongee na Mama, na halikuwa jambo rahisi. Alinisikiliza, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza, “Na jiwe la shemeji yako, lilitolewa na nani?” Nilimwambia lilitolewa na maji, na maji yalitolewa na yeye. Alisema hilo ni jibu la mtu aliyesoma, lakini siku zilizofuata alianza kuwauliza wateja maswali. Miguu imevimba? Una presha? Una sukari? Mkojo una povu? Aliyejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo hakupewa ndevu, bali aliambiwa aende kituo cha afya akapimwe presha, mkojo uchovywe kile kijiti kinachoonyesha protini, na damu ipimwe kreatinini, uchafu ambao figo nzima huutoa. Wapo waliokasirika wakaenda kununua kwingine. Mwenye mgongo wa jembe aliambiwa apumzike na anywe maji ya kawaida, ushauri ambao haukumpendeza mtu kwa sababu hauna rangi.

Jirani yetu Msudani, mama mmoja mtu mzima kutoka Omdurman, alipolisikia jambo hili alituletea gundi ya mgunga, ambayo kwao hukorogwa kwenye maji na kunywewa na wagonjwa wa figo. Nilitarajia kuwa ni ndevu za mahindi kwa jina jingine. Nilipofuatilia niligundua kwamba gundi hiyo ni nyuzilishe ambayo bakteria wa utumbo mpana huila, na tafiti ndogo zimeonyesha kwamba inaweza kuhamisha sehemu ya urea itoke kwa haja kubwa badala ya kungoja figo. Haiponyi figo wala haichukui nafasi ya mashine, ila ina maelezo yanayoeleweka ya jinsi inavyoweza kufanya kazi. Nilimweleza binamu aiulizie kwanza kwa daktari kabla ya kumpa mzee, na daktari alitaka kuona vipimo vya damu kabla ya kujibu. Jirani hakuelewa kwa nini kitu cha bibi yake kinahitaji ruhusa, na sikumlaumu.

Baba mdogo sasa anaishi Kampala kwa binti yake, kwa sababu mashine ya kusafisha damu haiwezi kumfuata Bweyale. Inapaswa iwe mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne hivi kila mara. Yeye hupata mara mbili, kutegemea fedha na foleni. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Mulago mwishoni mwa mwaka 2023, na watoto wake wameanza kuuzungumzia, ingawa umri wake na moyo wake havitoi matumaini makubwa. Jikoni kwa binti yake matoke humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi na maji hayo humwagwa kabla ya kuungwa. Yale ya kufungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, ambayo mzee huyapenda zaidi, hayapotezi potasiamu kwa namna hiyo, na yeye hulalamika kila Jumapili anapoyanusa kwa majirani. Musherekha imepigwa marufuku kabisa. Majivu yetu siku hizi yanamwagwa kwenye mashina ya migomba, ambako potasiamu inahitajika.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja kutaka ndevu za mahindi kwa ajili ya mama yake, mwenye kisukari cha muda mrefu, aliyeona povu kwenye mkojo. Mama alimwelekeza kituo cha afya, na safari hii mtu alisikia. Kijiti kilionyesha protini, wakapelekwa hospitali, na kreatinini ikaonyesha kwamba figo bado zina uwezo mwingi. Mama huyo amewekwa kwenye kidonge cha presha cha lile kundi linalozilinda figo zenye protini kwenye mkojo, ameambiwa aachane na diklofenaki na arudi kupimwa damu baada ya wiki chache, kwa kuwa kidonge hicho nacho, ingawa ni cha hospitali, kinaweza kuipandisha potasiamu.